Mama Alikosea Asilimia Thelathini

Hakimu alisoma uamuzi kwa dakika kama sita hivi. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, mama kando yangu, mkongojo wake umeegemea ukuta. Kesi yetu ilikuwa ya kumi na moja asubuhi hiyo na hakimu alikuwa na haraka. Alisoma kwa Kiingereza, kichwa chini, kama mtu anayesoma orodha ya bei. Dereva wa matatu, lawama asilimia 70. Mlalamishi, asilimia 30. Sababu ni kwamba mtu mzima anayevuka barabara anatakiwa kujichunga.

Tulipotoka kwa korido mama akaniuliza, "Amesema aje?"

"Umeshinda, Mama."

"Nimeshinda?"

"Ndio. Lakini wamekutoa thelathini."

"Thelathini ya nini?"

"Ya makosa yako."

Alinyamaza. Halafu akasema kitu ambacho nimekibeba miaka hii yote: "Kwa hivyo mimi nilijigonga kidogo."

Sikuwa na jibu. Sikusomea sheria. Lakini ile namba ilinisumbua, kwa sababu haikufanana na kitu chochote nilichokiona siku ile ya ajali. Siku ile niliona kiatu kimoja, sukuma wiki imetawanyika kwa lami, na mguu umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Sikuona asilimia. Nikaanza kuitafuta ilikotoka, kwanza kwa kumuuliza wakili wetu maswali mpaka akachoka na mimi, halafu kwa kusoma kesi za zamani usiku. Safari hiyo ilinipeleka mbali kuliko nilivyodhani.

Kwanza nieleze ajali yenyewe. Ilikuwa Mei 2011, wakati Barabara ya Thika ilikuwa inapanuliwa. Wakazi wa pande zile wanakumbuka: vumbi, matingatinga, njia mpya zinafunguliwa leo na kufungwa kesho. Sisi tuliishi upande mmoja, soko na stagi vilikuwa upande wa pili. Tulikuwa tunavuka hapo tangu nikiwa darasa la pili. Barabara ilipanuka chini ya miguu yetu, lakini mahali pa kuvukia palibaki palepale, na daraja la wapita njia lilikuwa bado kwenye karatasi. Mama alivuka njia za kwanza, akasimama katikati, akaanza kuvuka zilizobaki. Matatu ilikuja kwa njia ambayo wiki iliyopita haikuwepo. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili, juu na chini ya goti. Alilala hospitali wiki saba na akatoka na chuma ndani ya mfupa.

Kwa hivyo alivuka mahali pasipo na kivuko. Hilo ni kweli, na wakili wa upande ule alilirudia mara nne. Kile ambacho hakuna mtu alikiuliza mahakamani ni kwa nini hakukuwa na kivuko. Barabara haikuwa imeshtakiwa.

Sasa twende Derby, mji mmoja wa Uingereza, mwaka wa 1809. Mtu anayeitwa Forrester alikuwa anakarabati nyumba yake, akaweka mti mrefu ukaziba sehemu ya barabara. Jioni moja ya Agosti, mwingine anayeitwa Butterfield alitoka baa, akapanda farasi wake na kutimka. Mishumaa ilikuwa inaanza kuwashwa madukani lakini mwanga ulikuwa bado upo, shahidi alisema mtu angeweza kuuona ule mti hatua mia moja mbele. Butterfield hakuuona. Farasi akajikwaa, wote wawili wakaanguka, na Butterfield akaumia vibaya. Akamshtaki Forrester.

Ukisoma haraka unaweza kudhani hii ni kesi ya mlevi na farasi. Lakini angalia tena. Kuna mtu aliyefanya barabara iwe hatari, na kuna mtu aliyeumia juu yake. Jaji alikuwa Lord Ellenborough. Uamuzi wake ulikuwa mwepesi: Butterfield angekuwa makini hangeumia, kwa hivyo hapati kitu. Ukiwa na kosa lako mwenyewe katika ajali, hata kama ni dogo, mlango unafungwa. Hakuna cha asilimia 70. Ni sufuri.

Lord Ellenborough huyohuyo, mwaka mmoja nyuma, 1808, alikuwa ameamua kesi nyingine ya barabarani. Mume na mke walikuwa wamepanda juu ya gari la farasi la abiria. Gari likapinduka. Mke akaumia, na kama mwezi mmoja baadaye akafariki hospitalini. Mume alidai fidia. Jaji alisema kifo cha binadamu si jeraha ambalo mtu mwingine anaweza kulidai kortini. Mume alilipwa kwa maumivu yake mwenyewe na kwa kukosa mke kutoka siku ya ajali hadi siku ya kifo. Baada ya hapo, hakuna. Ukifikiria vizuri, ilikuwa rahisi kwa mfuko wa mwenye gari kuua kuliko kulemaza. Waingereza waliishi na kanuni hiyo hadi 1846, Bunge lilipotunga sheria ya kuwaruhusu wajane na mayatima kudai. Sheria yetu ya ajali za vifo, Sura ya 32, ni mjukuu wa ile.

Kuna kesi ya tatu, ya punda. Mwaka wa 1842. Mwenye punda alimfunga miguu ya mbele na kumwacha alishe kando ya barabara kuu. Gari la farasi watatu likaja mbio likishuka kilima, likamponda. Kwa kanuni ya 1809 mwenye punda alitakiwa kutoka mikono mitupu, maana ni nani hufunga punda barabarani? Lakini mahakama ilimpa fidia. Ilisema dereva ndiye aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuepusha ajali, kwa hivyo mzigo ni wake. Nilipomsomea mama hii, alicheka kwa mara ya kwanza tangu kesi iishe. "Yaani punda alilipwa yote, na mimi nikatolewa thelathini!"

Haya yote yalitufikia vipi? Kuna tarehe moja ambayo kila mwanasheria Kenya anaijua: 12 Agosti 1897. Sheria yetu ya Mahakama bado inasema kwamba pale ambapo hakuna sheria ya hapa, mahakama zitafuata sheria ya kawaida ya Uingereza pamoja na sheria za Bunge lao zilizokuwepo siku hiyo, kadiri hali ya wananchi wa hapa inavyoruhusu. Fikiria hiyo tarehe kwa macho ya barabara. Reli kutoka Mombasa ilikuwa bado njiani, Nairobi ilikuwa kinamasi. Huko London, mwanamke anayeitwa Bridget Driscoll alikuwa amegongwa na gari karibu na Crystal Palace tarehe 17 Agosti 1896. Ndiye mpita njia wa kwanza kuuawa na gari la petroli Uingereza, na baraza lililochunguza kifo chake liliamua kwamba ilikuwa ajali tu. Mwaka mmoja kasoro siku tano kati ya kifo chake na tarehe yetu. Kwa maneno mengine, sheria ya kuamua nani alipe mtu akigongwa na gari ilipandishwa meli kuja huku kabla magari yenyewe hayajafika. Ilikuwa sheria ya farasi, punda na miti iliyoachwa njiani.

Na haikukuta ardhi tupu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu desturi za Wagikuyu, anaeleza kwamba mtu akiuawa, ukoo wa aliyeua ulilipa ukoo wa marehemu mbuzi au kondoo 100 kama ni mwanamume, na 30 kama ni mwanamke. Kwa Wasomali, mag, ambayo Waislamu wengi wanaijua kama diya, ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, na wanaochanga ni kundi zima la ndugu. Mag bado iko hai. Kule Garissa na Wajir, gari likimgonga mtu, wazee wanaweza kukaa na kuhesabu ngamia hata kabla faili ya polisi haijakauka wino.

Tusijidanganye kwamba ilikuwa pepo. Nilipomwambia mama kuhusu hizo mbuzi alinikata kauli: "Mwanamume mia, mwanamke thelathini. Hii thelathini inanipenda." Lakini kuna kitu hapo. Swali la kwanza la wazee halikuwa nani alikosea. Walijua vizuri tofauti ya kuua kwa makusudi na kuua kwa bahati mbaya, ila bahati mbaya haikumaliza deni. Mtu ameumia, nyumba imepungukiwa, kwa hivyo swali ni nani ataubeba huu mzigo, na jibu lilikuwa kundi, si mtu mmoja. Ukifikiria kwa Kiswahili cha leo, ukoo ulikuwa kampuni ya bima ambayo hukuhitaji kuandikiwa stika.

Kule Uingereza, ile sufuri ya Ellenborough iliwachosha hata majaji wenyewe. Ndipo mwaka wa 1945 Bunge lao likatunga sheria kwamba kosa la aliyeumia lisifunge mlango tena, lipunguze tu malipo kwa kiasi ambacho mahakama itaona ni haki. Kenya ina kifungu kama hicho tangu 1956, ndani ya Sheria ya Mageuzi, Sura ya 26. Hapo ndipo thelathini ya mama ilipozaliwa. Lazima niseme ukweli: ilikuwa rehema. Chini ya sheria ya 1809 mama angerudi nyumbani bila shilingi. Asilimia ni ile sufuri ya zamani iliyolainishwa.

Lakini asilimia ina ujanja wake. Inaonekana kama hesabu, na hakuna anayeweza kukuonyesha hesabu ilivyofanywa. Mwaka wa 1975 majaji wa Uingereza, wakiongozwa na Lord Denning, waliamua kwamba asiyefunga mkanda akatwe asilimia 25 ikiwa mkanda ungezuia majeraha yote, na 15 ikiwa ungeyapunguza. Kwa nini 25 na si 22? Kwa sababu lazima kuwe na namba. Hapa kwetu, magari mawili yakigongana katikati ya barabara na hakuna ushahidi wa kuonyesha nani alitoka kwa njia yake, mahakama imezoea kugawa nusu kwa nusu. Mtoto wa chini ya miaka kumi kwa kawaida hakatwi kitu, maana hategemewi kuwa na akili ya barabara. Mtu mzima anategemewa kuwa nayo, hata barabara ikibadilika usiku.

Kitu kingine kilichokuja kutoka kule ni bima. Uingereza iliifanya ya lazima mwaka wa 1930, baada ya kugundua kwamba kushinda kesi dhidi ya dereva asiye na pesa ni sawa na kushinda mashindano ya kivuli. Kenya ilipata yake katikati ya miaka ya 1940, ile Sura ya 405, inayosema gari haliruhusiwi barabarani bila bima ya kuwalipa watu wengine litakaowaumiza. Hiyo ndiyo maana ya ile stika kwenye kioo cha mbele. Kila mwenye gari anachanga kidogo, na atakayeumizwa analipwa kutoka kwa chungu cha wote. Si inafanana na ukoo? Tofauti ni kwamba ukoo ulilipa kwa sababu mtu ameumia. Bima inalipa tu ikiwa imethibitishwa kwamba mwenye gari amekosea, na ina kila sababu ya kutaka asiwe amekosea.

Hapo ndipo nilielewa jambo la dere.

Usiku wa kwanza, tukiwa bado tunangoja daktari, dere wa ile matatu alikuja hospitali. Kijana tu, pengine miaka ishirini na tano. Alisimama mlangoni mwa wodi kama dakika mbili, akamwangalia mama, akaondoka. Hakusema hata neno. Mama alikuwa macho. Kwa miaka mitatu ya kesi, kitu kilichomuuma kuliko mguu ni hicho. "Hata pole?" alikuwa akisema. "Mtu anashindwa kusema pole?"

Baada ya uamuzi tulikutana na mwenye matatu nje, kwa maegesho. Mzee wa heshima zake, mwenye gari moja tu. Alivua kofia akamsalimia mama, akasema, "Mama, tulikuwa tumekatazwa kuongea." Ilikuwa kweli. Mikataba ya bima kwa kawaida ina sharti kwamba mwenye bima asikubali lawama, asiahidi, asitoe chochote bila idhini ya kampuni. Ukikiuka, wanaweza kukataa kukusimamia. Kwa hivyo dere akaambiwa na bosi, bosi akaambiwa na bima: usiseme kitu.

Sasa sikiliza. Kwa Kiingereza neno sorry linafanya kazi mbili: linabeba huruma na linabeba kukiri kosa. Kiswahili kimezitenganisha. Samahani ni ya aliyekosea. Pole ni ya yeyote. Unamwambia pole mtu aliyejikwaa kwa jiwe lake mwenyewe, aliyefiwa, aliyetoka kazini, hata uliyempita tu njiani amebeba mzigo. Pole haiulizi nani alikosea. Dere angeweza kusema pole na asiwe amekiri chochote katika lugha aliyozaliwa nayo. Lakini sheria iliyokuwa inamsikiliza haikuzaliwa katika lugha hiyo, na kwa masikio yake pole na samahani ni kitu kimoja. Mama alinyimwa neno la kawaida kabisa, la kila siku, kwa sababu ya mkataba ambao yeye hakuutia sahihi.

Hakimu alikuwa amempa mama KSh 600,000 kwa maumivu na ulemavu, na KSh 48,300 za matumizi, zile tu tulizokuwa na risiti. Kwa sheria yetu, pesa ulizotumia lazima uzitaje na uzithibitishe moja baada ya nyingine. Teksi za kwenda kliniki hazina risiti. Dada yangu kuacha kazi miezi minne kumwogesha hakuna risiti. Jumla KSh 648,300. Toa asilimia 30, yaani KSh 194,490. Zikabaki KSh 453,810, kabla ya wakili kuchukua chake.

Halafu bima ikakata rufaa. Walitaka mama abebe 50. Nilikaa mbele ya jaji nikisikiliza watu wawili waliovaa vizuri wakibishania asilimia 20 za mama yangu kama watu wanaopimiana nyama. Jaji alikataa kuzigusa. Mahakama ya rufaa haibadilishi mgao kama huo ila hakimu akiwa amepotoka kwenye kanuni. Kwa hivyo thelathini ikabaki, na miaka miwili mingine ilikuwa imekwenda.

Sisi tulikuwa na bahati, na nasema hivyo kwa sababu ya watu tuliokutana nao kwa zile korido. Kuna mzee mmoja aliyekuwa na uamuzi wa mahakama kwenye bahasha ya plastiki, umeshinda, umepigwa muhuri, na hakuna wa kumlipa, kwa sababu kampuni ya bima ilikuwa imeanguka. Hadithi yake ni hadithi ya nchi. Mwaka wa 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum za uchukuzi, na biashara ikalipuka. Ilichukua hadi 1984 kwa sheria kuziweka chini ya utaratibu wa leseni. Ajali zilikuwa nyingi, madai yakawa mengi, mengine ya uongo, ya watu ambao hawakuwa hata ndani ya gari. Kampuni nyingi za bima zikakimbia matatu, na mzigo ukabaki kwa chache. Nazo zikaanza kuanguka moja moja. United iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2005, Blue Shield 2011, na si hizo mbili peke yake. Kampuni ikishikwa, malipo yanasimamishwa. Mwenye matatu anabaki anaogopa madalali, mwenye jeraha anabaki na karatasi. Ule ukoo tulioununua kwa stika nao pia hufa.

Alikuwepo pia mama mmoja aliyempoteza mtoto. Wakili wake alikuwa anamweleza kuhusu fidia ya kupotea kwa matarajio ya maisha. Hii nayo ina historia. Mwaka wa 1941 majaji wa juu kabisa Uingereza walikuwa na kesi ya mtoto wa miaka miwili na nusu aliyeuawa na gari, wakaulizwa furaha ya maisha ambayo hakuyaishi ni pesa ngapi. Wakasema pauni 200, wakipunguza 1,200 zilizokuwa zimetolewa. Tangu hapo ikawa ni kiasi cha desturi tu, kwa kila mtu. Waingereza wenyewe waliifuta fidia hiyo mwaka wa 1982. Sisi bado tunayo, na kwa kawaida mahakama zetu hutoa kama KSh 100,000. Sijui wakili alimwambia nini baada ya hapo, kwa sababu niliondoka. Nilishindwa kusikiliza.

Sidai kwamba lawama haina maana. Dereva mlevi, mwenye gari asiyetengeneza breki, hao wajibu, na wajibu kwa ukali. Ninachosema ni kwamba kuuliza nani alikosea kabla ya kuuliza nani atamtunza aliyeumia ni uamuzi ambao watu fulani waliufanya mahali fulani, wakati fulani, na wengine wamefanya tofauti. New Zealand, nchi iliyorithi sheria ileile ya Ellenborough, iliamua kuanzia Aprili 1974 kwamba mtu akiumia kwa ajali atalipwa na mfuko wa umma, awe alikosea au hakukosea, na kwa hivyo haendi kortini kugombania asilimia. Na tusiende mbali. Kwetu hapa, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2007 inasema ukiumia ukiwa kazini, mwajiri wako anawajibika bila kuuliza kwanza uzembe ulikuwa wa nani. Mama angekuwa ameajiriwa kufagia ile barabara, na akagongwa palepale akiifagia, kungekuwa na mlango mwingine wa kupitia. Lakini alikuwa amebeba sukuma wiki zake mwenyewe.

Zaidi ya watu 4,000 wanakufa kwa barabara zetu kila mwaka siku hizi, na wengi sana kati yao ni wapita njia na watu wa bodaboda. Kila mmoja wao akifika kortini, yeye au warithi wake, ataulizwa alichangia kiasi gani. Alikuwa na kofia ngumu? Alivaa nguo nyeusi usiku? Kwa nini hakutumia daraja? Ni maswali ya haki, mengine. Lakini yote yanatazama chini, kwa aliyelala kwa lami. Butterfield angalau aliweza kumshtaki mtu aliyeharibu barabara, hata kama alishindwa. Sisi tulikuwa tumekazana na dere wa miaka ishirini na tano, kwa sababu dere ana bima, na bima ina mfuko.

Pesa zilifika hatimaye. Mama alimalizia deni la hospitali, akalipa karo ya ndugu yangu wa mwisho, akanunua friji ya soda ya kuweka kwa kibanda. Mwenye matatu bado humpigia simu Krismasi. Dere hatujawahi kumwona tena.

Barabara ilifunguliwa rasmi mwaka wa 2012, na daraja la wapita njia sasa liko, si mbali na mahali alipogongwa. Ni daraja zuri, la chuma. Lakini mpando wake ni mrefu, na goti la mama halikunji vizuri tangu ile siku. Kupanda, kuvuka na kushuka kunamchukua karibu nusu saa, na anapumzika mara tatu, watu wakimpita. Siku za mvua, chuma kikiwa na utelezi, hathubutu kabisa.

Mwezi jana nilikuwa naenda kumtembelea. Nikashuka stagi, nikamwona upande wa pili, amesimama kando ya lami na mkongojo wake, mahali ambapo watu wametoboa uzio. Alikuwa anaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Nilipiga kelele lakini magari yalikuwa mengi, hakunisikia. Nikakimbia kuelekea daraja, nikipanda ngapi ngapi, huku nikipiga hesabu kichwani bila kutaka. Daraja lipo sasa. Safari hii hawangemtoa thelathini. Wangemtoa yote.

Nilipofika juu katikati nikachungulia chini. Alikuwa ameshavuka.